Mkwe Hapigiwi Kelele

Jumapili, 4 Januari 2026

Tumekubaliwa! Melkizedek, mwenyekiti wa chama chetu cha kelingi, kanisomea ujumbe nje ya kanisa, mbele ya watu wote, kwa sauti ya mtu anayetangaza ndoa. Tanzania, wawili wawili, mwanamke na mwanamume: mimi, Nailantei, na kijana wangu Koinet. Mchujo ni Uskochi, katikati ya Machi. Akina mama wa kwaya wakapiga vigelegele bila kujua wanashangilia nini.

Nilipaswa kufurahi. Nimefika nyumbani nikakaa kitandani na viatu vyangu. Goti la kulia limevimba tena. Nina miaka arobaini na sita. Haya ndiyo mashindano ya mwisho — goti limeshasema, mimi ndiye ninayejifanya sisikii.

Rafiki yangu Hyasinta kaniletea chapati kutoka mgahawani kwake. Kaniuliza tena, hivi huo mchezo wenu hasa ni nini? Nikamweleza tena. Kelingi. Unasukuma jiwe zito juu ya barafu, linateleza taratibu mpaka kwenye duara kule mwisho. Mkilisindikiza kwa brashi, mkaisugua barafu mbele yake, linakwenda mbali zaidi. Lakini anayesugua ameinamisha kichwa, haoni kitu. Aliyesimama kwenye duara ndiye anayeona jiwe lina nguvu au limechoka, na ndiye anayepiga kelele: sugua! acha! sugua! Ukichelewa kupiga kelele, jiwe limekufa njiani.

Hyasinta akasema, kwa hiyo dada ulikaa Kanada miaka yote ile kujifunza kufagia na kufoka. Nikamwambia ndiyo, na kufoka ndiko kugumu.

Namfanyia mzaha, lakini ni kitu pekee nilichowahi kukijua vizuri. Baba Nasha alikwenda Saskatoon kusomea mifugo, mimi nikaenda kuwa mke wake kwenye theluji. Nikapata kazi ya usafi kwenye klabu ya kelingi. Siku moja akina bibi wa klabu walipungukiwa mtu wa nne, wakaniita niache deki. Nikasukuma jiwe. Basi, ikawa hivyo. Nikaishia kuwa nahodha wa timu ya mji. Tulifika fainali ya jimbo, tukapoteza kwa jiwe moja, nikajiambia mwakani. Mwakani ilipofika nilirudi Karatu na Nasha mkononi na jeneza la baba yake kwenye ndege.

Kwa hiyo Machi. Nicheze Machi, halafu nikae.

Alhamisi, 8 Januari

Leo nimelia kwa furaha! Niandike, maana haitokei.

Mama yake Koinet kaja. Kutoka Arash mpaka Karatu, na wanawake wawili wa bomani kwao, wamevaa shanga zote kana kwamba ni sikukuu. Kaleta kibuyu cha asali. Kasema umemlea mtoto wetu, tumekuja kukushukuru, tuonje pamoja. Akaniwekea kibuyu mbele, akasimama hapo hapo mpaka nikakipokea kwa mikono miwili.

Kule Kanada, msimu ukiisha makocha hupewa keki na kadi. Mimi huku sijawahi kupewa hata asante. Miaka mitatu namfundisha Koinet — nilimkuta mlinzi wa kambi ya watalii Engaresero, akiwatupia nyani mawe na kupata kila alipolenga. Nikajisemea mkono huu! Nikamleta mjini, nikamtafutia kazi ya kubeba mizigo ya watalii, nikampa brashi. Leo mama yake kanishukuru. Hii ndiyo keki yangu.

Mara Mama Lekoko wa jirani kaingia, na wenzake, sijui nani aliwaambia. Wakachanganya asali na maziwa, tukanywa. Wanacheka tu. Mama Lekoko akaniuliza kwa upole, umeridhika, Nailantei? Nikasema nimeridhika sana, na mwakani leteni tena. Wakaanguka kwa kicheko.

Nasha hakuwepo. Katuma ujumbe kwamba amechelewa zahanati. Nimemwekea asali kidogo kwenye kikombe.

Jumamosi, 10 Januari

Mazoezi mabaya. Hayakuwa mazoezi.

Ukumbi wa Melkizedek ulikuwa bado na maua ya harusi ya jana. Tumesogeza viti, tumefuta sakafu, nimepanga yale mawe ya magurudumu tunayotumia kwa kukosa barafu. Koinet kaja akasimama mlangoni, shuka hadi kichwani. Nikamwita, oyaa, unasubiri keki? Kaangalia chini. Huyu ndiye kila jiwe likifika huniambia, Kocha, hapo nimeua!

Nasha, ambaye hutuandikia pointi, kaenda wakanong'ona. Karudi akasema anaumwa kichwa. Nikatazama tena mlangoni, keshaondoka.

Jumapili, 11 Januari

Mjinga. Mjinga mimi. Mjinga wa kuzaliwa.

Shemeji Ngoyai kapiga simu kutoka Kakesio. Ndiye kaka mkubwa wa marehemu, ndiye baba wa Nasha kwa mila. Nasikia ng'ombe nyuma yake na yeye anacheka. Hongera, Mama Nasha, nasikia umepokea asali bila matata, na sisi tuliogopa utakataa!

Nikasema asali gani.

Kicheko chake kikakatika. Asali ya posa, Mama Nasha, kasema.

Asali ya posa! Mtoto wa Kakesio, nimekunywa asali ya posa ya binti yangu mwenyewe nikidhani ni zawadi ya kocha! Nisijue asali ni nini? Najua tangu nikiwa mdogo. Lakini kichwa changu kimejaa mawe. Mama kaja na shanga zote, kaleta asali, kasimama nipokee, wakongwe wamekuja kunywa — na mimi nawaza Machi.

Shemeji alidhani Nasha kaniambia. Nasha alidhani shemeji kaniambia. Wote waliniogopa. Kumbe wanapendana tangu mwaka juzi, humo humo ukumbini, mgongoni kwangu, Nasha akiandika pointi.

Nimemuuliza Nasha, unampenda? Kasema ndiyo, mama. Nikamuuliza unajua umefanya nini? Kasema najua. Akalia. Nami nikalia, lakini si kwa jambo moja.

Maana mkwe ni mkwe. Tangu nilipokishika kile kibuyu, yule kijana hanitazami usoni, haniiti, hakai nilipokaa, hanipi mkono. Nami simwiti jina na simpandishii sauti. Mkwe hapigiwi kelele! Hata hapa, kwenye karatasi yangu mwenyewe, kalamu inakataa jina lake. Nimejaribu. Nitamwandika Mkwe.

Na mchezo wetu wote ni mimi kumpigia kelele.

Jumanne, 13 Januari

Hyasinta anaona ni upuuzi. Kwao Rombo, kasema, mkwe anakula meza moja na mimi na ananiomba chumvi. Mpigie kelele, dada, huko Uskochi nani atajua? Nikamwambia Mkwe atajua. Mimi nitajua. Na siku hizi kila kitu kinarushwa kwenye simu, Arash nzima itakuwa imekaa chini ya mnara wa mtandao inamtazama mama mkwe akimfokea kijana wao kama mbwa aliyeingia jikoni.

Kasema basi mbadilishane, yeye asimame kwenye duara, wewe usugue. Kwanza, goti. Pili, ndiyo mbaya zaidi — kijana amfokee mama mkwe!

Mtu wa tatu hakuna. Wawili wawili ni wawili.

Nimemwomba shemeji kwa simu asali ihesabike kuanzia Aprili. Kasema jambo kama hilo halisemwi kwenye simu, njoo.

Alhamisi, 15 Januari

Sina la kuandika. Nimelala na nguo za kazi. Nasha kapika, sikula.

Jumapili, 18 Januari

Nimetoka Kakesio. Mwili wote mavumbi.

Jana nilipata lifti kwenye gari la hoteli linalopeleka wafanyakazi. Kule juu ukingoni mwa kreta ukungu ulikuwa mzito mpaka dereva akafungua dirisha atazame barabara kwa kichwa nje. Chini hakuonekana hata nyati mmoja. Wazungu wawili walikuwa wamesimama pale na kamera, wanapiga picha za ukungu. Nikawaonea huruma, halafu nikakumbuka mimi naenda kuomba nini.

Shemeji Ngoyai kanipokea vizuri. "Takwenya, Mama Nasha." "Iko." Kanipa maziwa, kaniuliza habari za goti. Wazee wawili wakaja kukaa nasi. Nikaeleza. Nikaeleza mpaka na jiwe, nikasukuma kibuyu kitupu juu ya ngozi wakaelewa. Walisikiliza vizuri kuliko watu wa mjini.

Shemeji akasema, "Kwa hiyo kazi yako ni kumwambia akimbie."

"Kumwambia asugue, shemeji. Kwa sauti. Yuko mbali, na mawe yana kelele."

"Na usipomwambia?"

"Tunashindwa."

Akafikiri. Nilimpenda wakati ule, maana alifikiri kweli. Kisha akasema, "Aibu ya mkwe huondolewa. Mtoto wa kwanza akishazaliwa, mnakaa pamoja, mnapewa maziwa, mnabarikiwa. Baada ya hapo utaongea naye."

"Na kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo unanyamaza."

"Tungoje basi. Asali irudi Arash, wailete tena Aprili."

Mzee mmoja akacheka mpaka akakohoa. "Asali iko tumboni mwako, binti yangu. Tuirudishe namna gani?"

Shemeji hakucheka. Akasema, "Ukiirudisha, umemkataa. Watatafuta kwingine. Nasha kakuambia anamtaka?"

"Kaniambia."

"Basi."

Nikaondoka. Njia nzima nilikuwa nawaza mwanangu ameninyang'anya, halafu nawaza ni mtoto wangu, halafu tena ameninyang'anya.

Jumatano, 21 Januari

Labda kuna njia! Ishara.

Nimemtuma Nasha akamweleze Mkwe: brashi yangu ikiwa juu, sugua. Ikiwa chini, acha. Simwangalii usoni, namwangalia magoti. Naye ananiangalia brashi. Tumejaribu ukumbini leo. Juu — kasugua. Chini — kaacha. Sakafu haisuguliki kwa kweli, tunaigiza tu. Lakini amekuja! Amesimama upande ule wa ukumbi, mimi huku, hatukupishana hata mara moja. Akitaka kupita mezani kwangu anazungukia jikoni.

Melkizedek kapiga makofi peke yake. Kasema mwenyekiti amefurahi. Mwenyekiti ni yeye. Chama kizima ni yeye.

Sijalala na matumaini siku nyingi. Sijui niyaweke wapi.

Jumamosi, 31 Januari

Nairobi. Barafu halisi. Mawe halisi.

Niandike haraka kabla sijachana karatasi.

Tulicheza na wale wazee wa Kikanada wanaoishi hapa, mume na mke, wastaafu, wanacheza kwa kujifurahisha. Watu wema. Hawana haraka hata ya kufunga kamba za viatu. Mwaka jana tuliwafunga wakatuomba tuwafundishe.

Jiwe la kwanza la Mkwe lilitoka mkononi zuri sana. Jepesi kidogo tu. Jiwe la kuokolewa kwa brashi. Nikainua brashi juu. Yeye kainuka, kakimbia kando ya jiwe — na kichwa chini. Kichwa chini! Mtu anayesugua hutazama barafu, nilimfundisha mwenyewe, ukiinua kichwa nguvu inaondoka mikononi. Hakuona brashi. Angeionaje? Nimepunga. Nimegonga mguu. Nikafungua mdomo.

Hakikutoka kitu.

Mimi! Niliyekuwa nasikika mpaka kwenye maegesho ya magari kule Saskatoon! Nikaliona jiwe linachoka, linachoka, limesimama kabla ya duara. Nilisimama na mdomo wazi. Yule bibi Mkanada akaniuliza kama nimeng'atwa na kitu.

La pili hivyo. La tatu Mkwe akaamua kusugua mwenyewe bila kungoja, likapita duara likagonga ukuta. Tena na tena. Sikujua kama nakataa au nashindwa. Nadhani nashindwa. Nilikuwa nadhani mila ni ya wazee na mimi ni mtu wa kadi ya benki na barafu. Kumbe imekaa humu kooni muda wote, kimya, inangoja asali.

Kwenye kelingi, ukijua huwezi tena kushinda, hungoji mwisho. Unavua glavu unawapa wenzako mkono. Si aibu, ni adabu. Nilivua mapema mno, sijawahi kuvua mapema namna ile. Kisha ni desturi kumpa mkono na mwenzako wa timu. Mkwe alikuwa keshafika mlangoni. Yule mzee Mkanada akamnong'oneza mkewe. Najua alisema nini — hawa wamegombana.

Hatujagombana. Laiti tungegombana!

Jumapili, 1 Februari

Basi la kurudi. Mkwe kapanda jingine.

Mpakani Namanga mhuri, mhuri. Afisa kaniuliza shughuli iliyonipeleka Kenya. Nikasema michezo. Kanitazama kuanzia juu hadi chini, kisha kaniuliza mchezo gani, mama? Nikasema hakuna.

Jumatano, 4 Februari

Melkizedek kaniita ofisini, kafunga mlango. Kaagiza soda. Nikajua.

"Mama Nasha, usinielewe vibaya."

"Sema, mwenyekiti."

"Jina moja linaweza kubadilishwa mpaka tarehe kumi na nne, jioni. Nimewauliza. Na mimi nafikiri... Nasha anaijua kazi."

"Nasha anaandika pointi."

Akazungusha chupa mezani. "Nasha husukuma mawe wewe ukiwa bado hujafika. Miezi mingi sasa. Yanafika, Mama Nasha. Yanafika vizuri."

Kila mtu anajua kila kitu Karatu hii isipokuwa mimi.

Akasema nitakwenda kama kocha. Nitakaa nyuma ya kioo na kadi shingoni. Nikamwambia kocha wa wawili wawili haruhusiwi kusema neno mchezo ukiendelea. Kasema, si ndivyo ilivyo hata sasa? Hakukusudia ubaya. Watu wa Machame kama yeye hawajui kukusudia ubaya, wanakwenda moja kwa moja tu. Nikanywa soda yake yote.

Nyumbani nilimwambia Nasha, kwa nini hukuniambia unacheza? Kasema, ungefurahi?

Nikamuuliza, na mimi nikimfokea tu? Mara moja, Uskochi, mechi chache, halafu nikaombe radhi Arash na kondoo?

Kaweka sufuria chini. Kasema, "Mama, hutasemwa wewe. Nitasemwa mimi. Kila nitakapokosea kitu kule bomani kwao wataambizana, tutegemee nini, mama yake si ndiye yule. Mpaka nazeeka. Na yeye ataitwa aliyefokewa na mama mkwe mbele ya Wazungu. Utaweza kuniona hivyo?"

Nikasema siwezi.

Kwa hiyo nimesema. Basi, nimekubali. Naandika hapa ili kesho nisijifanye sikumbuki: Nasha ndiye atakayecheza.

Ijumaa, 6 Februari

Nimemfundisha Nasha. Ana mkono. Ana mkono kweli, jamani. Anashuka chini hadi goti linagusa sakafu na wala halii kama langu, anaachia jiwe kama mtu anayemwachia mtoto aliyeanza kutembea. Ni mimi yule, kabla ya jeneza. Nilitoka nje nikajifanya napokea simu.

Tatizo ni mdomo. Anasimama kwenye duara, Mkwe anakuja na jiwe, na Nasha anasema, sugua basi. Kwa sauti ya kuomba sukari! Nikamwambia mpigie kelele. Kasema, sugua, tafadhali. Nikamwambia Nasha, jiwe halijui tafadhali! Akacheka, Mkwe naye nikamsikia anacheka kule mwisho ndani ya shuka lake, na kwa kitambo kidogo tukawa watatu tunacheka ukumbini, kila mtu akitazama pembe yake.

Halafu nikakumbuka.

Jumatano, 11 Februari

Leo nimemchukia mwanangu. Muda mfupi, kama wa kuchemsha chai. Alikuwa amevaa viatu vyangu vya kutelezea, anajitazama kwenye kioo cha kabati, anauliza, vinanikaa? Vinamkaa.

Nimesali. Sikuambiwa kitu.

Hyasinta kasema angalau utaiona Uskochi. Nikamwambia nimeshaona barafu, Hyasinta. Nimeisugua kuliko nilivyosugua mashuka ya nyumba yangu. Sikutaka kuiona. Nilitaka kusimama juu yake mara moja tu nikiwa nakwenda mahali, kwa jina la nchi yangu, nifungwe kwa halali, nirudi, nizeeke. Sikuomba ushindi! Niliomba kufungwa vizuri, na hilo nalo limekuwa kubwa.

Jumamosi, 14 Februari

Nairobi tena. Naandika mezani nyuma ya kioo, kwenye mkahawa wa uwanja wa barafu. Chai yao haina ladha. Melkizedek kakaa meza ya pili na simu yake, kila saa anaitazama. Leo ndiyo siku ya mwisho ya kutuma jina. Nailantei au Nasha.

Asubuhi Nasha na Mkwe wamecheza na wale wazee wa Kikanada. Nasha kasukuma mawe vizuri mno, yule bibi kamkumbatia katikati ya mchezo. Lakini kila Mkwe aliposukuma, Nasha alisimama kwenye duara na mkono mdomoni. Nimemwona midomo inachezacheza. Nyuma ya kioo hata mimi nilikuwa nayaona mawe yanachoka, natafuna kifuniko cha kalamu. Wamefungwa vibaya. Kama mimi, au zaidi.

Nasha kaja mezani, barafu kwenye magoti. "Siwezi, mama."

"Utazoea."

"Sitazoea. Mama yake kanipigia jana. Kasema amesikia nafundishwa kumfokea mwanawe. Alicheka, lakini kasema amesikia." Akafuta pua kwa mkono wa jaketi. "Ni mume wangu atakayekuwa. Nitaanza na kelele?"

Nikataka kumwambia wengine ndivyo tulivyoanza na tukafika. Akalaza kichwa mezani, akalia bila sauti, na watoto wa Kihindi waliokuja kuteleza wakawa wanamtazama na viatu vyao mabegani.

Kwa hiyo hakuna. Si mimi, si yeye. Melkizedek kasema kwa upole kwamba anaweza kuandika hatuendi. Nikamwambia ngoja nimalize chai. Naandika ili nisimwangalie.

Shemeji Ngoyai anapiga. Sijapokea. Anapiga tena.

Mkwe hajatoka kwenye barafu. Wazee wameshaondoka, yuko peke yake. Kapanga mawe upande wake. Kasukuma moja, kainuka, kakimbia kando yake na brashi juu — hasugui. Jiwe limekufa katikati. Karudi. Jingine. Tena kakimbia, brashi juu, hasugui. Limekufa. Nilidhani ni hasira. Mawe mepesi namna ile, mkono wake haukosei hivyo!

La nne sasa. Si hasira. Anayasukuma mepesi makusudi. Jiwe la nguvu ile halifiki bila kusuguliwa hata siku moja, anajua, nilimfundisha mimi. Hatazami huku. Hawezi kutazama. Kichwa kiko chini, brashi iko juu kidogo tu ya barafu, na shuka kalivua kichwani — masikio yako wazi, yanangoja sauti.

Nasha kainua kichwa. Naye ameona. Nimemtazama, nimemuuliza kwa macho tu, nimpigie kelele? Hakutikisa kichwa. Hakukubali pia. Anamtazama yule kijana, ananitazama mimi.

Mlango wa kioo uko wazi, baridi inaingia mpaka hapa. Mwanamke wa kaunta ameshika simu, anarekodi watoto, au anarekodi barafu, sijui.

Jiwe jingine limetoka. Jepesi. Limepita mstari wa kwanza, linaanza kuchoka, brashi iko juu. Nimesimama, naandika nimesimama, na Nasha kanishika mkono, kaubana, haachii, na jiwe bado linakwenda